Idara iliyojenga madaraja ya aina mbili

Mwalimu Nyerere, akiwa amekwisha kustaafu, alikuwa na hesabu fupi aliyowatolea wageni waliomuuliza mafanikio yake yako wapi. Waingereza, alisema, walituachia nchi ambayo asilimia 85 ya watu wake hawajui kusoma wala kuandika, yenye wahandisi wawili na madaktari 12. Wengi wanaoinukuu hesabu hiyo hukimbilia zile asilimia 85. Mimi hukwama kwa wale wahandisi wawili.

Wawili! Na si kwamba Tanganyika ilikosa mahali pa kujifunzia kazi hiyo. Tangu Waingereza wakabidhiwe nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kulikuwa na idara nzima ya serikali ambayo shughuli yake ilikuwa kupima, kuchora, kujenga na kukarabati: Idara ya Kazi za Umma, ambayo wasomi na wasiosoma waliiita kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, Public Works Department: PWD. Ilikata barabara, ikatandika madaraja, ikajenga mahakama, hospitali, maboma na nyumba za maofisa. Ilifanya hivyo kwa miaka arobaini, kwa mikono ya maelfu ya Waafrika. Ukimpeleka mtoto kwa fundi cherehani, akakaa huko miaka arobaini na kurudi hajui hata kupima kiuno, utamuuliza mtoto maswali, sawa. Lakini fundi utamuuliza mengi zaidi.

Jibu la haraka ni ubaguzi. Ni jibu la kweli ila halitoshi, maana ubaguzi ulikuwepo pia kwenye tiba, na tiba ilitoa watu. Makerere ilianza kufundisha waganga miaka ya 1920. Uhandisi ulisubiri Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi, kilichofungua milango mwaka 1956. Lipo jambo katika namna PWD ilivyopangwa na ilivyoajiri, lililoifanya isimhitaji kabisa mhandisi Mwafrika. Ukiutazama muundo wake kwa utulivu, wale wawili wanaacha kuwa ajabu. Ajabu ni kwamba walifika wawili.

Muundo wenyewe haukubuniwa Dar es Salaam. Ulibuniwa India. Hadi katikati ya karne ya 19 kazi za ujenzi huko zilikuwa chini ya bodi ya kijeshi iliyosifika kwa kuchelewesha mambo. Mwaka 1854 Gavana Mkuu, Lord Dalhousie, akazihamishia kwenye idara mpya ya kazi za umma. Juu ya kila jimbo alikaa Mhandisi Mkuu. Chini yake walikuwa wahandisi wa kanda, na chini yao mhandisi wa divisheni, ambaye ndiye aliyeshika fungu la fedha, akahakiki vipimo na kutia saini hati za malipo. Wakafuata wahandisi wasaidizi. Hapo ndipo ulipofika kwenye mstari. Chini ya mstari walikuwa maovasia, yaani wasimamizi wa saiti, na wasimamizi wadogo, kisha makarani na mafundi, na mwisho kabisa vibarua wasiohesabika. Juu ya mstari wengi walikuwa Waingereza, baadhi yao wakitoka jeshini. Chini ya mstari, Wahindi.

Kiswahili kina bahati hapa. Neno letu moja, daraja, linabeba kile kinachokuvusha mto na kile kinachokuonyesha mahali pako kazini. PWD iliyajenga yote mawili kwa bidii. Ya mtoni, kadhaa yamekwisha kusombwa na mafuriko.

Hata hivyo India ilikuwa na kitu ambacho sisi hatukupewa. Mwaka 1847, miaka saba kabla ya idara kuundwa, kilikuwa kimekwisha kufunguliwa chuo cha uhandisi mjini Roorkee. Aliyekisukuma, James Thomason, hakuwa akigawa sadaka. Jirani na mji huo ulikuwa ukichimbwa Mfereji wa Ganges, chini ya Proby Cautley, uliokuja kufunguliwa mwaka 1854, na mfereji wa umwagiliaji ni biashara. Mkulima analipia maji, mavuno yakipanda kodi ya ardhi nayo inapanda. Kadiri unavyokuwa na watu wanaojua kupima mteremko wa maji, ndivyo hazina inavyojaa, na kumleta kila msaidizi kwa meli kutoka Uingereza ni kuila faida yote njiani. Basi wakafundisha wenyeji. Dari waliiweka, tena mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1870 London ilifungua chuo maalumu huko Cooper's Hill cha kuwaandaa vijana wa Kiingereza wajaze nafasi za juu za PWD ya India, na chuo hicho hakikufungwa hadi 1906. Lakini hata dari ikiwepo, Mhindi kama M. Visvesvaraya, aliyesoma chuo cha sayansi cha Pune, aliingia PWD ya Bombay mwaka 1884 akiwa mhandisi msaidizi. Ngazi ilikuwa na dari, ila ilikuwa na shule miguuni pake.

Kwetu ililetwa ikiwa imekatwa miguu.

Ilikuja na reli. Kati ya 1896 na 1901, reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa na wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India. Karibu 2,500 walifariki. Zaidi ya 6,000 walibaki. Simama leo kwenye saiti yoyote usikilize: leta karai, randa iko wapi, gari la mchanga limefika, peleka nondo karakana. Maneno hayo yametoka upande wa pili wa bahari. Mengine yalivuka zamani na majahazi, kabla ya Mzungu kuwaza reli, lakini ni kwenye kambi za ujenzi ndipo yalipopata ajira ya kudumu. Pamoja nayo ilikuja ngazi ya kati iliyokwisha kutengenezwa: ovasia aliyejua kusoma ramani, seremala, mwashi, mhunzi, karani wa stoo. Kwa mhasibu wa serikali huo ulikuwa mtaji wa bure. Mtu aliyefundishwa kwa gharama ya nchi nyingine ni nafuu kuliko mtu ambaye itabidi umfungulie shule wewe mwenyewe.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, na naomba nieleweke. Simlaumu fundi wa Kipunjabi. Naye alikuwa na dari yake, tena alijua. Mwaka 1937 mafundi wa Kihindi Nairobi, wakiongozwa na chama cha wafanyakazi cha Makhan Singh, waligoma siku 62 hadi wakaongezewa mshahara. Ninachosema ni hiki: katika idara yoyote mhandisi huzaliwa kutoka ngazi ya kati. Msaidizi wa ovasia anakuwa ovasia, ovasia anapelekwa masomoni, anarudi mhandisi msaidizi. PWD ya Tanganyika na ya Kenya ilikuwa na ngazi ya kati iliyojazwa kwa meli, na ngazi ya juu iliyojazwa kwa meli nyingine. Mwafrika aliyekuwa chini hakuona kipago cha kukanyaga. Hata daraja la chuma lenyewe lilinunuliwa Uingereza kupitia Mawakala wa Taji, ofisi ya London iliyoyanunulia makoloni vifaa, likaja vipande vipande, vimehesabiwa. Kazi iliyobaki huku ilikuwa kuviunga. Mchoro ulikuwa umekwisha kufikiriwa na mtu asiyewahi kuuona mto.

Ngazi ya juu nayo ilikuwa na uhuru wake wa kuchekesha. Nenda Zanzibar uangalie jengo la Mahakama Kuu la mwaka 1908, kisha Beit el Amani la 1925. Aliyeyachora ni John Sinclair, ambaye kwa cheo alikuwa mtumishi wa kibalozi na utawala, akafika hadi kuwa Mkaazi wa Uingereza, yaani mwakilishi wake mkuu, visiwani. Usanifu alikuwa amejifunza ujanani. Ikulu ya Dar es Salaam, iliyoharibiwa kwa mizinga wakati wa vita, nayo ilijengwa upya kwa mchoro wake. Mimi nayapenda majengo yale, siyakatai. Lakini tazama: Mzungu mmoja aliweza kuwa mtawala asubuhi na msanifu jioni, na hakuna aliyedai hilo halimo kwenye muundo. Wakati huohuo, Mji Mkongwe ulikuwa umejaa mafundi wa chokaa na boriti ambao baba na babu zao walisimamisha nyumba za ghorofa tatu bila chembe ya saruji. Kwenye vitabu vya serikali hao walikuwa mafundi wa kutwa. Ujuzi wao haukuwa na safu ya kuandikiwa.

Sasa tushuke chini kabisa, walikokuwa wengi.

Neno kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi za kutwa alipewa karatasi, baadaye kadi, na karatasi ile ndiyo iliyompa jina. Kwenye mashamba na kwenye kazi za serikali hesabu ilikuwa ya siku thelathini, lakini si mwezi. Kadi ina visanduku thelathini. Jioni, jua linapoelekea kuzama, watu wanapanga mstari, sururu na chepe zinarudishwa stoo zikihesabiwa moja moja, karani anachukua kadi na kuitia alama. Siku uliyoumwa haina alama. Siku ambayo mvua imenyesha na mnyapara amewarudisha kambini haina alama. Malipo yanakuja visanduku vyote vikijaa, hata kama umechukua wiki sita kuvijaza. Kwa mtu wa aina hii, idara haikuwa mwajiri wa mwezi. Ilikuwa mwajiri wa kisanduku. Hana cheo, hana faili, hana likizo, na akiondoka hakuna pengo kwenye muundo, kwa sababu hakuwahi kuwemo.

Mnyapara naye ana historia ndefu kuliko PWD. Wanyampara walikuwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi iliyobeba pembe za ndovu kwenda pwani, watu wa heshima, wenye kujua njia, visima na bei ya hongo ya kila mtemi. Ukoloni ulimchukua mtu huyu, ukampa fimbo na orodha ya majina, ukamsimamisha kando ya barabara. Ni kushuka cheo kukubwa mno, na neno lenyewe limebeba aibu hiyo. Siku hizi ukimwita mtu mnyapara, hufikirii tena msafiri mjuzi.

Kwa nini idara haikuona haja ya kumfundisha mtu huyu wala kibarua wake? Kwa sababu ilikuwa na njia nyingine ya kuziba pengo la ujuzi: idadi. Ugonjwa hauponi kwa kuongeza mikono. Lakini barabara ya udongo inatengenezwa hivyo, kwa kuongeza mikono. Na sheria iliitoa mikono kwa bei ya chini. Hati ya Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa wa leo, iliyoikabidhi Uingereza Tanganyika mwaka 1922 ilikataza kazi za kulazimishwa za kila aina, kisha ikaacha upenyo: isipokuwa kwa kazi na huduma muhimu za umma, na kwa malipo ya kutosha. Soma tena upenyo huo. Katika serikali nzima ni nani mwenye kazi za umma? PWD na reli. “Isipokuwa” ile iliandikwa kana kwamba imepimwa mwilini mwao. Juu yake kulikuwa na wale walioshindwa kulipa kodi ya kichwa, ambao waliitumikia kodi hiyo kwa jasho barabarani.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 1920 iliruhusu wanaume kulazimishwa kufanya kazi za serikali kwa malipo, hadi siku 60 kwa mwaka. Aliyesamehewa ni yule ambaye katika mwaka uliotangulia alikuwa ameajiriwa miezi mitatu. Ameajiriwa na nani? Katika Kenya ya wakati ule, jibu mara nyingi lilikuwa mlowezi. Kwa hiyo barabara ya serikali iligeuka fimbo: nenda shambani kwa bwana mwenyewe, la sivyo tutakupeleka kuchimba barabara. Mwaka uliofuata Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, aliagiza kazi ya kulazimishwa ya aina hiyo isifanyike bila idhini ya London, isipokuwa kwa shughuli chache kama upagazi. Kufikia hapo somo lilikuwa limekwisha kuingia vichwani: kazi za umma ni adhabu. Wazee wetu waliokimbilia porini wakiona gari la serikali hawakuwa wakiogopa injini.

Na mkuu wa PWD ya Kenya katika miaka hiyo hakuwa katili. Alikuwa William McGregor Ross, mhandisi aliyekuja kwa ajili ya reli kisha akaiongoza idara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Walowezi hawakumpenda hata kidogo. Aliwapinga ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1927, akiwa amekwisha kuondoka, alichapisha kitabu cha kuwaanika wao na sera zao za kazi na ardhi. Namkumbuka kwa makusudi. Mtu mwenye dhamira safi alikaa juu ya idara ile kwa miaka mingi, na ngazi ikabaki ileile. Muundo haukusubiri mtu mbaya ili ufanye kazi yake.

Mtu anaweza kuniambia: shule za ufundi zilikuwepo. Zilikuwepo. Makerere yenyewe ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, wanafunzi 14, useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye ufundi ukahamishiwa kwingine, na mlimani Makerere ukabaki usomi. Kenya ilikuwa na shule ya Kabete. Tanganyika ilisubiri hadi Ifunda ya mwaka 1950, kisha Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam cha 1957. Lakini zilikuwa shule za kutoa fundi. Fundi aliyehitimu alirudi PWD akapokelewa chini ya ovasia, akastaafia hapo hapo. Hakukuwa na mtihani wa kumvusha.

Linganisha na karani. Tanganyika ilitawaliwa kwa barua, tena nyingi kwa Kiswahili, na serikali ilimhitaji Mwafrika wa kuziandika. Kwa hiyo ilimfungulia shule mapema. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na miaka kumi baadaye Kayamba alikuwa msaidizi katika Sekretarieti, cheo ambacho Mwafrika mwingine hakuwa amekifikia. Kalamu ilikuwa na njia ya kupanda, japo nyembamba. Timazi haikuwa nayo. Sioni ajabu, basi, kwamba harakati za uhuru ziliongozwa na makarani na walimu, na kwamba siku ya uhuru ilipofika tulikuwa na watu wa kutosha wa kuhutubia na wawili wa kuhesabu nondo.

Hata huyo ambaye angepenya kwa miujiza alikuwa anasubiriwa na kikokotoo. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu akishika nafasi ya juu katika utumishi wa Afrika Mashariki alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu wa nafasi hiyohiyo. Boriti ni ileile, hesabu ya uzito ni ileile, anayekokotoa analipwa tatu kwa tano. Tume ya Lidbury ilipendekeza kuufuta utaratibu huo mwaka 1954. Miaka saba baadaye bendera ikapanda. Miaka saba haitoshi kumtoa mtoto darasa la nne hadi digrii ya uhandisi.

Yupo msomaji ambaye tangu mwanzo amekuwa akinung'unika: lakini walijenga vizuri. Barabara zao zilidumu, majengo yao bado yapo. Kidogo ana haki. Tunayoyaona ni yaliyobaki. Yaliyobomoka hayana wa kuyapiga picha. Lakini kuna jambo moja ambalo mimi ningewapa alama zote, nalo ni matunzo. Barabara kuu iligawanywa vipande, kila kipande kikapewa genge dogo na kambi yake kandokando, na kazi yao ya kila siku ilikuwa kuzibua mitaro, kufyeka majani na kufukia mashimo yangali madogo kama sufuria. Haikuhitaji mashine. Ilihitaji mtu anayekijua kipande chake: maji yanapokatiza wakati wa masika, mahali ambapo udongo wa mfinyanzi hunasa malori, kalavati ambalo ng'ombe hulibomoa kingo. Mhandisi Mwingereza alikaa zamu ya miaka miwili hadi mitatu kisha akapanda meli kwenda likizo ndefu, na aliyerudi hakuwa yeye kila mara. Kumbukumbu ya barabara ilikaa kichwani kwa mnyapara. Huyo ndiye ambaye idara ilimtegemea kuliko ilivyokuwa tayari kukiri, na ndiye ambaye haikumwandika popote.

Baada ya uhuru tulibadilisha watu wa juu, tena kwa kasi, na tulistahili kufanya hivyo. Kitivo cha uhandisi kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na wahandisi leo ni maelfu. Mabango nayo yamebadilika mara nyingi kiasi kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya kuyakumbuka: Komworks ya wizara ya mawasiliano na ujenzi, TANROADS ya barabara kuu mwaka 2000, TARURA ya barabara za vijijini na mijini mwaka 2017, na wakala wa majengo na wa magari katikati. Wakenya waligawa barabara zao kwa mamlaka tatu kwa sheria ya 2007. Waganda waliitoa kazi wizarani wakaipa mamlaka iliyoanza 2008, halafu juzijuzi wameirudisha wizarani. Mijadala hii yote inahusu nani akae juu na fedha zipitie wapi. Sijasikia mjadala mkubwa kama huo kuhusu nani apandishwe kutoka chini, na kwa mtihani gani.

Kinachonishangaza ni kwamba mtindo wa zamani kabisa wa PWD umerudi kwa mlango wa mbele. Kwenye idara ile kulikuwa na ubishi usiokwisha: kazi ipewe kontrakta, au idara ijenge yenyewe kwa kununua vifaa na kulipa vibarua? Leo madarasa na vituo vyetu vingi vya afya vinajengwa kwa utaratibu tunaouita fosi akaunti. Kamati ya kijiji inanunua saruji na bati, fundi wa mtaani anapewa kazi ya mikono, mhandisi wa halmashauri anasimamia. Umeokoa fedha nyingi, na mimi ni mmoja wa wanaoutetea. Lakini upange kwenye karatasi uone: mhandisi mmoja juu mwenye saiti nyingi mno, fundi chini asiye na cheti, vibarua chini yake wasio na jina, na katikati hakuna mtu. Ovasia wa Kipunjabi tulimwondoa. Nafasi yake hatukuijaza.

Miezi michache iliyopita nilisimama kwenye saiti moja ya madarasa mawili, mbali kidogo na barabara ya lami. Lenta ilikuwa imemwagwa siku iliyotangulia, mbao bado zimeshikilia. Mhandisi alikuwa amekwisha kupita asubuhi, amegonga hapa na pale, amesaini, ameondoka na pikipiki kuelekea saiti nyingine. Fundi mkuu, mtu wa makamo, aliniambia alijifunza kazi kwa mjomba wake, na mjomba wake alijifunza kwa PWD. Nondo alizisuka mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini mikunjo ya pembeni ameikaribisha kuliko ya katikati, akanionyesha kwa mikono miwili, viganja vikisuguana kama vinavyokatana, jinsi uzito wa ukuta unavyotaka kuipasua lenta karibu na mahali inapokalia. Maelezo yalikuwa sahihi. Neno la kitaalamu hakuwa nalo.

Chini ya mti kulikuwa na daftari lake, kaunta buku lenye jalada gumu, limekandamizwa na tofali lisipeperuke. Safu ya majina upande wa kushoto, vyema vya kalamu nyekundu kuelekea kulia. Kijana mmoja alikuja, vumbi la saruji hadi kwenye kope, akaulizia juzi. Juzi mvua ilishuka saa nne asubuhi, kazi ikasimama. Alikuwepo tangu saa moja, alikwisha kubeba maji mapipa matatu. Je, imeandikwa?

Fundi alilivuta daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina lile, akafikiri kidogo. Kisha akaweka nusu ya alama.